Sketi ya Shule Iliyotoka Bukavu

Kosa langu lilikuwa la kijinga, na ubaya wake ni kwamba nililifanya nikiwa nimekaa. Sikutoka kwenda kulitafuta. Nilikuwa kwenye kigoda changu mlangoni, mafuta ya mandazi yanachemka, nikaamua kwamba mtoto wa mpangaji wangu asiende shule kwanza, kwa kuwa mimi nipo. Mimi, niliyemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo marehemu baba aliyasoma, akayakunja, akaniuliza kama nimeshalisha kuku.

Mtoto mwenyewe alikuwa amekimbia vita. Vita vilimfungia shule kule alikotoka, akavuka mpaka na mama yake, akafika kwetu Mabatini ambako shule iko wazi, kengele yake tunaisikia mpaka jikoni. Hapo katikati, kati ya mtoto na kengele, nikakaa mimi na kigoda changu.

Niseme kwanza mimi ni mtu wa namna gani, nisije nikaonekana katili. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wapo wanawake wa Mwanza wanaofuata mabegi Dubai wakarudi kama walikwenda sokoni. Mimi kutoka hapa Mabatini kwenda Mirongo najiandaa kama naenda kuhiji, na nikifika naanza kuwaza kama nilizima jiko. Nyumba aliniachia baba. Iko juu kwenye mawe, unaipandia ngazi ambazo wenyewe tumezipanga, na ina vyumba vinne: kimoja changu, vingine vya wapangaji. Uani kuna jiwe kubwa kuliko nyumba. Waliojenga walilishindwa, wakajenga pembeni yake kwa heshima, kama wageni. Juu ya jiwe hilo tunaanika nguo, tunaanika dagaa, na jioni tunakaa kulisema jiji zima lililoko chini yetu.

Upande wa pili wa jiwe anakaa fundi cherehani, jirani yangu tangu tukiwa wasichana. Ni mwanamke wa mtandio na sindano mdomoni, na hizo sindano ndizo zinazomzuia kusema zaidi ya anavyosema. Anashona sare za shule. Kila mwisho wa mwaka baraza lake linajaa mashati meupe na sketi za bluu zinazoning'inia kama darasa lisilo na watoto. Kazi yake nyingine ni kunitania. Mimi kwake ni "bi mkubwa wa ndani", ati jua likinipiga nitayeyuka kama samli.

Mama na binti walikuja asubuhi moja ya masika, na mabegi mawili na ndoo yenye kifuniko. Mama ni Mkerewe kwa kuzaliwa. Aliolewa Kongo na mfanyabiashara wa vitenge, akakaa Bukavu miaka mingi mpaka Kiswahili chake kikageuka kikawa cha huko. Vita vilipoingia mjini, mume alibaki nyuma kuangalia duka, siku mbili tatu tu, halafu angefuata. Simu yake haipatikani mpaka leo. Huko Ukerewe ndugu waliobaki ni wachache na nyumba yao imejaa, kwa hiyo mama akaja mjini, akapata kibarua cha kuanika dagaa mwaloni Kirumba, wavuvi wanakoshushia samaki, baadaye akaanza kuwanunua na kuwauza mwenyewe. Alikuwa anatoka alfajiri na kurudi jua likishuka, ananuka ziwa, na hakuna siku niliyomsikia analalamika.

Binti alikuwa anaelekea miaka kumi na miwili. Mrefu, mwembamba, na ana adabu ya kutisha. Shikamoo hakuijua. Alinipa mikono yote miwili, akainama, akasema, "Jambo, mama." Fundi akaninong'oneza kwamba tumepata mtalii. Tulicheka, na binti akacheka nasi bila kujua tunacheka nini, na hapo nikampenda. Nasema hivyo kwa sababu sehemu kubwa ya makosa yangu yalianzia kwenye kumpenda.

Katika begi lake, chini kabisa, ndani ya kipande cha kitenge, alikuwa amekunja shati jeupe na sketi ya bluu. Sare yake ya shule. Mama yake alisema walipoambiwa wabebe wanachoweza, yeye alibeba sufuria na mtoto akabeba hiyo. Sasa, rangi za shule za msingi huku kwetu mnazijua. Asubuhi ya pili yake, watoto wa mtaani wakaanza kushuka zile ngazi na mabegi mgongoni, shati jeupe, bluu chini. Binti alikuwa amesimama juu ya jiwe na mswaki mdomoni. Aliwatazama, akaingia ndani mbio, na alipotoka alikuwa amevaa. Alishuka nao ngazi tano sita kabla mama yake hajamwita. Hakuwa mjinga, alijua si shule yake. Ila rangi zilikuwa zilezile, na nadhani aliona kama kuna mlango mmoja uliosahaulika kufungwa.

Habari za shule yake alinipa mwenyewe, tukichambua mchele. Kwanza ilifungwa siku moja moja, halafu wiki nzima, halafu watu wakaacha kuuliza. Wanajeshi walilala madarasani. Walipasua madawati wakayapikia. Mwaka wa tano aliuanza mara mbili asiumalize. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayesimulia mvua ilivyonyesha. Kilichomkwama kooni kilikuwa kingine. Siku ya mwisho yeye ndiye alikuwa na zamu ya kufuta ubao. Mwalimu alikuwa katikati ya hesabu, mtu akaja mlangoni akamwambia neno, mwalimu akawaambia watoto waende nyumbani sasa hivi, wasipitie barabara kubwa. Hesabu ikabaki ubaoni nusu.

"Sikufuta," aliniambia. Aliacha kuchambua mchele. "Zamu ilikuwa yangu na sikufuta."

Mama yake aliniomba nimpeleke shule, maana asubuhi zake zote ni za mwaloni. Akasema, wewe dada umesoma, utajua kuongea nao. Ulimi wangu ungekuwa na akili ungesema hapo hapo kwamba sijui. Badala yake nilivaa gauni langu la kanisani, nikashika mkono wa binti, nikashuka zile ngazi kwa madaha, fundi akaniuliza kutoka barazani kwake nani amekufa mpaka nimetoka nje.

Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke, mdogo kwangu, aliniamkia. Alimsikiliza binti akisoma Kiswahili: alisoma polepole na kwa lafudhi ya kwao, ila alisoma. Sisi wa Mwanza hatuna haki ya kumcheka mtu lafudhi, nusu yetu r na l tunazitupia tu zinapoangukia. Alimjaribu Kiingereza: hakuna kitu, binti alitabasamu tu. Kisha akampa chaki, aende ubaoni afanye hesabu za kugawanya. Ubao ulikuwa na maandishi ya somo lililopita. Jambo la kwanza binti alilofanya, kabla ya kuandika hata namba moja, alichukua dasta akafuta ubao wote, juu mpaka chini, pembe kwa pembe. Halafu akafanya zile hesabu, akihesabu kwa Kifaransa kwa kunong'ona, na zote zikawa sawa.

Mwalimu mkuu akanigeukia. Maneno yake nayakumbuka neno kwa neno, kwa kuwa ndiyo niliyokuja kuyaficha. "Mlete Jumatatu. Aanzie darasa la tatu ashike Kiingereza, akizoea tutampandisha. Watoto wa namna hii wakishakaa darasani wanakimbia."

Kuna watu wanasikia sentensi nzima na kuna watu kama mimi. Mimi nilisikia "darasa la tatu". Njia nzima ya kurudi nilikuwa naumuka kama unga wenye hamira. Mtoto wa mwaka wa tano, mrefu hivi, aliyegawanya hesabu zote sawa, eti akakae na vitoto vinavyong'oka meno. Binti yeye alikuwa anaruka mawe. Kila baada ya hatua chache ananiuliza, "Jumatatu, mama?" na mimi nasema tutaona. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi na ile sketi, maana ilikuwa imempanda magotini; miaka ya vita miguu yake haikusimama kukua. Fundi alifumua pindo, akalishusha, akalipiga pasi. Mstari wa pindo la zamani ulibaki, mweusi kidogo kuliko bluu yenyewe.

Jioni nilimwambia mama yake kwamba wanataka kumrudisha darasa la tatu. Hilo ni kweli. Nikamwambia watoto watamcheka. Hilo lingeweza kuwa kweli. Kuhusu Jumatatu, na kuhusu kupandishwa, nilinyamaza, na kunyamaza kwangu nikakuita busara. Nikasema, niachie mimi. Nitamfundisha hapa hapa nyumbani, Januari ataingia darasa la tano na wa umri wake, kichwa juu. Yule mama alikuwa amechoka, miguu yake iko kwenye beseni la maji. Alinishukuru. Alinishika mkono akanishukuru.

Basi nikawa mwalimu. Nilinunua boksi la chaki na jiwe la uani likawa ubao. Mwanzoni, na hili naliweka kwa faida yangu, nilifundisha kweli. Nilimwandikia maneno ya Kiingereza yote niliyokuwa nayo, yakaisha kabla ya wiki. Tulifanya hesabu za sehemu mpaka nikafika mahali ambapo hata mimi niliwahi kufukuziwa nje, nikamwambia hapo tutaparudia. Binti aliniita Mwalimu. Sikuwa nimewahi kuitwa kitu chochote maishani zaidi ya mama mandazi. Alikuwa anasimama nikija. Mvua ikinyesha inaosha jiwe lote, yeye anakwenda na kitambaa kufuta hata palipokwisha kufutwa na mvua.

Fundi aliniambia shule yangu ina mwanafunzi mmoja na mwalimu ndiye wa mwisho darasani. Nilimjibu kwamba ana wivu.

Sijui hasa ni lini ilianza kugeuka. Somo lilikuwa linaanza baada ya mandazi, maana wateja wangu ni watu wanaowahi viwanda vya Nyakato na mafundi wa mtaani, hawangoji mtu amalize sehemu. Halafu somo likawa baada ya mandazi na vyombo. Halafu baada ya mandazi, vyombo na madumu ya maji, kwa kuwa magoti yangu na zile ngazi hayaelewani. Binti alikuwa mwepesi. Alijifunza kukanda, kujua unga umeumuka kwa kuugusa kwa kidole, kutia iliki kidogo tu isizidi. Mandazi yake yalikuwa mazuri kuliko yangu na wateja walianza kuyasifu, na mimi nikawa naitikia sifa. Mchana kunakuwa na jua, jiwe linaunguza, huwezi kukaa. Tunakaa ndani, redio inaongea, ananisuka nywele, ananieleza habari za ziwa la kwao ambalo halina mamba wala viboko, na jinsi asivyoliamini hili letu. Nilizoea. Miaka yote tangu baba afariki nilikuwa naongea na redio, na sasa nilikuwa na mtu wa kuniitikia.

Mama yake aliporudi jioni aliuliza, amesoma? Nikajibu anaendelea vizuri. Na kweli alikuwa anaendelea, kwenye mandazi.

Fundi alipita siku moja akatukuta mezani, mikono yetu yote minne kwenye unga. Akauliza leo ni somo gani. Binti akacheka. Mimi nikasema sayansi kimu. Fundi hakucheka, na mtu huyo kukosa kucheka ni jambo la kuangalia, ila nililiacha lipite.

Januari ilikuja. Baraza la fundi lilijaa mashati na sketi, kina mama wamepanga foleni kwenye ngazi, watoto wanapimwa viuno. Binti alichukua sketi yake mwenyewe, bila mtu kumtuma, akaipeleka. Ilikuwa imempanda tena. Fundi akafumua, akashusha kilichobaki, na sasa mistari ya pindo la zamani ikawa miwili. Binti akaining'iniza kwenye msumari chumbani kwao, pamoja na shati. Mama yake akaniuliza, dada, vipi, ndiyo Januari hii.

Nikasema bado kidogo. Nikasema Kiingereza cha darasa la tano kitamzidi, aibu itakuwa yake, tumpe muda. Hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, maana kwa mwalimu aliyempata angejua Kiingereza cha wapi? Ila sababu yenyewe sikuisema, na kwa muda mrefu sikujiambia hata mimi. Nilikuwa naogopa asubuhi. Nilikuwa naogopa kumwona anashuka zile ngazi na wenzake, mimi nirudi ndani kwa redio.

Mama alinitazama kidogo. Akasema, "Sawa dada. Wewe ndiye unajua."

Sketi ilikaa kwenye msumari. Wiki za kwanza binti alikuwa anauliza. Anauliza kwa adabu, huku anafanya kazi, hasimamishi mikono. Kisha akaacha kuuliza, na mimi nikahesabu kwamba ametulia. Kengele ikilia chini huko, hakuwa anageuka tena.

Mwaka ukaendelea kwenda. Kipupwe kikaingia, upepo wa ziwa unapandisha vumbi mpaka kwenye mafuta. Asubuhi moja akaja kijana ambaye hatujamzoea, amehamia mtaani karibuni, amevaa ovaroli ya kiwandani. Binti anamfungia mandazi kwenye gazeti. Kijana yule hakuwa na nia mbaya, ni wale watu wanaoongea na watoto. Akamuuliza anasoma darasa la ngapi.

"Sisomi," binti akasema. "Kwetu kulikuwa na vita."

"Pole sana. Na hapa?"

Ndivyo alivyouliza, na hapa? Hakuwa anamsuta mtu. Binti alikuwa na gazeti mkononi. Akageuka akanitazama mimi. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu wake pale mgeni anapouliza swali ambalo darasa halijafundishwa. Nikasema mafuta yanaungua. Hayakuwa yanaungua. Kijana akachukua mandazi yake, akaaga, akashuka.

Siku hiyo wateja walipoisha nilikwenda kwenye jiwe na kipande cha chaki nilichokipata nyuma ya kabati. Niliandika hesabu ya kugawanya, ya namna ileile aliyoifanya mbele ya mwalimu mkuu. Nikamwita. Alikuja anafuta mikono kwenye kanga. Alisimama mbele ya jiwe. Niliona midomo yake inatafuta namba, za Kifaransa au za kwetu sijui, inazikosa. Alishika chaki akaiacha.

"Mwalimu," akasema, "nimesahau."

Hakulia. Alionekana kama mtu anayeomba radhi kwa kuvunja kikombe changu. Nikasema si kitu, tutakumbushana, akarudi jikoni kusugua sufuria. Nilibaki pale juani mpaka kichwa kikauma. Wale waliolala darasani mwao na kupikia madawati, hesabu hii hawakuweza kumnyang'anya. Alivuka nayo mpaka, ameibeba kichwani. Ilifika salama mpaka nyumbani kwangu.

Jumapili mama yake hakwenda mwaloni. Alikuwa juu ya jiwe anachambua dagaa, anatoa mchanga na vijiti, na mimi nilipanda nikakaa karibu yake, jambo ambalo si kawaida yangu, nikaanza kuchambua na mimi. Nikamwambia. Nilianza na visingizio, nikaona vinanizungusha, nikavitupa. Nikamwambia mwalimu mkuu alisema Jumatatu. Kwamba alisema angempandisha. Kwamba nililijua hilo tangu siku ile miguu yake ikiwa kwenye beseni.

Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, kwa kile Kiswahili chake cha Kongo kilichoanza kurudi Ukerewe:

"Kule niliwajua wa kuwaogopa. Walikuwa na bunduki." Akatupa kijiti. "Hapa nilikuwa ninatoka asubuhi na moyo umetulia."

Nilisubiri anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, ningefarijika hata kidogo. Hakunitukana. Alisema kesho nimpeleke mtoto mimi mwenyewe, na safari hii yeye atakuwepo, mwaloni watamsubiri. Akaniambia niache dagaa, nawachambua vibaya, naacha mchanga.

Jumatatu tulishuka watatu. Mwalimu mkuu alikuwa yuleyule. Alinitazama, akamtazama binti kutoka chini mpaka juu, maana sasa alikuwa amempita kimo, akasema, "Mama, nilimngoja Jumatatu ile." Alisema kwa upole. Mama wa mtoto alikuwa amesimama kando yangu na sikuthubutu kugeuza shingo.

Akampa chaki. Binti akaenda ubaoni, akachukua dasta, akafuta kama mara ile, pembe kwa pembe, hakuacha hata nukta. Halafu akasimama mbele ya ubao safi na chaki yake. Alisimama tu. Mwalimu mkuu alimwacha kidogo, kisha akamfuata, akaitoa ile chaki vidoleni mwake polepole, akasema itarudi, ila sasa itachukua muda, na kwa umri huu itabidi wote tuvumilie. Darasa la tatu. Aje kesho na sare.

Darasa la tatu lilelile. Vile vitoto vya kung'oka meno ambavyo nilimwonea aibu kukaa navyo, sasa viko la nne, vimemtangulia.

Tulipitia kwa fundi. Binti alikuwa na sketi yake mkononi, tayari ameitoa msumarini, na alisema anataka hiyohiyo, ya kwao. Mimi nikaharakisha kusema ndiyo, ishushwe tena pindo, fundi anaweza, fundi hashindwi na kitu. Nilikuwa naongea sana. Nilimwambia fundi asisumbuke na kingine, tumalize leo, kesho mtoto anaingia darasani, na nikasikia sauti yangu inaanza kukatika, nikakaa kwenye kile kiti chake cha wateja.

Fundi aliigeuza sketi ndani nje. Akaitandaza juu ya meza karibu na chaki yake ya kupimia, akapitisha kidole kwenye mstari wa kwanza wa pindo la zamani, akapitisha kwenye wa pili, akafika kwenye ukingo wa kitambaa. Akamwambia binti na mama yake wakae. Kisha akatoa sindano mdomoni, zote, moja moja, akazichomeka kwenye mtandio. Nikajua leo nitaambiwa.

"Pindo la kwanza lilikwenda na vita, la pili umelila wewe na mandazi yako, na la tatu halipo. Nenda mjini ukalete kitambaa kipya, kwa miguu yako, na usinililie juu ya meza, unanilowanishia chaki."